Ladha ya Shaba

Gari lilikuwa limeshafika katikati ya geti, linarudi kinyumenyume, na Fundi bado ameng'ang'ania kioo cha mlango wa nyuma kama muuza karanga wa stendi.

"Wiki mbili tu," alikuwa akisema. "Msusi, unanisikia? Wiki mbili maji yanakaa sawa, nakuja kukuchukua mwenyewe."

Mkewe alitazama mbele. Alikaa kama alivyokalishwa, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo alioshikishwa na jirani, kichwa kimezungushiwa taulo la manjano mpaka kwenye nyusi.

"Baba, toa mkono," alisema binti yao kutoka kwenye usukani. "Nitakukanyaga mguu."

"Kanyaga."

"Baba, tafadhali."

Akatoa. Kwenye kioo kikabaki kiganja chake kizima na vidole vitano, kwa sababu mikono yake haikuwahi kutakata tangu aanze kazi. Gari likanyooka barabarani, likawasha taa ya kukata kushoto, likakata kushoto. Taulo la manjano halikugeuka.

Fundi akafunga geti, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama ukingoni mwa bwawa. Maji yalikuwa ya bluu. Yalipendeza kuyatazama, na hilo ndilo lililomkata maini.

Miaka arobaini na minane alikuwa hajafanya kazi nyingine zaidi ya kutengeneza redieta za magari. Mtaani walimwita Fundi Redieta, na wenye haraka wakamwita Redieta tu. Mkewe alikuwa msusi, na jina lake likawa hilo hilo. Wanawake wa mitaa mitatu walipitisha vichwa mikononi mwake, mama na binti na mjukuu, na mwenyewe alikuwa na nywele za kutembea nazo: nyingi, ndefu, na tangu alipofikisha miaka hamsini, nyeupe pee kama pamba. Hakuzipaka chochote. "Rangi ni za wateja," alikuwa akisema. "Mimi hii nimeisubiri miaka hamsini, nije niifiche?" Wala hakuruhusu mtu mwingine azishike. Alijisuka mwenyewe, mikono nyuma ya kichwa, bila kioo, huku anamsema mtu.

Kiharusi kilimkuta saluni, kitana mkononi. Kikachukua upande wa kulia wote, mguu na mkono, kikaacha mdomo. Fundi alishukuru kwa huo mdomo, maana bila huo nyumba isingekuwa nyumba.

Daktari wa viungo akawaambia mguu haujafa, umesahau tu kazi yake. Apate maji ya uvuguvugu, ya kumfika kifuani, nusu saa kila siku. Mtu akiwa ndani ya maji anakuwa mwepesi, mguu unapata nafasi ya kukumbuka.

Binti yao, ambaye alikuwa mpima ardhi katika mji wa mbali, alisikiliza yote hayo kisha akatoa lake.

"Miezi mitatu," alisema. "Mama akiweza kutoka kitandani mpaka chooni kwa miguu yake, nafunga mdomo. Akishindwa, namchukua nikae naye. Baba, una miaka sabini na miwili. Umeshamwangusha mara mbili."

Hakukosea. Alimwangusha mara mbili.

Alipoondoka, Msusi alimgeukia mumewe. "Kwake ni ghorofa ya sita, Redieta. Lifti siku moja inafanya kazi, siku tatu inapumzika. Nitakaa kule nahesabu mapaa ya watu mpaka nife. Usikubali nikawekwe kabatini."

"Sikubali."

"Apa."

"Naapa."

Kutoka kitandani mpaka mlango wa choo ilikuwa hatua kumi na moja. Fundi alizihesabu siku hiyo hiyo.

Bwawa lenyewe halikuwa lake kwa jasho. Nyumba waliachiwa na kaka yake, na kaka mtu ndiye aliyechimba hilo bwawa zama zake za neema, akaliogelea misimu miwili, akafariki. Miaka kumi na tano lilikaa kavu, makazi ya majani na tairi tatu. Fundi alilisafisha, akaziba nyufa, akaipa pampu roho mpya. Halafu nyuma ya ukuta, ndani ya kasha la bati, akaunda mtambo wa kupasha maji: mirija ishirini na minne ya shaba, kila kiungo akikilehemu kwa mkono wake. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alikuwa akifungua kasha asubuhi kuitazama tu, kama mtu anayechungulia mtoto mchanga.

Maji akavuta kutoka kisima cha uani, kwa kuwa ya bomba yalikuja yanapojisikia. Yalitoka meupe kama kioo.

Aliyemshauri kuhusu dawa alikuwa mwanamke mfupi wa pikipiki, mwenye ndoo za klorini zimefungwa nyuma, anayehudumia mabwawa ya majumba ya upande wa pili wa barabara. Walimwita Dada Klorini, na kweli ukikaa naye dakika tano unapiga chafya.

"Umejaza maji ya kisima?" aliuliza, macho kwenye bwawa. "Na dawa ya kushika chuma umeweka?"

"Chuma gani? Maji haya unasomea gazeti lililo chini."

"Chuma kikishayeyuka hukioni, baba yangu. Kimetulia tuli. Ukimwaga klorini ndipo kinajitokeza, kama mgeni aliyesikia sahani. Dawa ya kukishika imeniishia, wiki ijayo naleta. Mpaka hapo usiguse klorini."

Wiki ijayo! Katika miezi mitatu, siku ishirini na moja zilikuwa zimeshaliwa na saruji. Fundi alimngoja siku mbili, ya tatu akamwaga klorini. Kufika adhuhuri bwawa lilikuwa chai ya rangi, na kuta zimeshika madoa ya kahawia.

Msusi alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni. Akatazama kwa muda.

"Redieta, umenipikia chai? Sukari iko wapi?"

"Ni chuma tu. Si uchafu."

"Ukitaka niingie humo, anza wewe, nione utatoka rangi gani."

Hakuingia. Siku zikapita, na Dada Klorini hakuleta dawa. Simu yake ikasema mzigo umechelewa njiani. Fundi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafikiri, na alifikiri kwa njia pekee aliyoijua. Redieta ikishika kutu inafanywaje? Inapigwa asidi. Asidi inakula kutu, unamwaga, unasuuza, gari linaondoka. Basi bwawa ni nini kama si redieta kubwa isiyo na gari?

Alichukua asidi ya betri iliyobaki karakanani. Akaizimua kama anavyojua, akatembea ukingoni akiimimina taratibu, pampu ikizunguka. Kesho yake asubuhi alimwita mkewe kwa kelele kama mtu aliyeona moto. Chai ilikuwa haipo. Madoa hayapo. Chini ya bwawa unaona kila ufa aliouziba.

Akampigia Dada Klorini kumringia. "Kile chuma chako kimekimbia."

"Umefanyaje?"

"Asidi."

Upande wa pili pikipiki tu ikanguruma. "Hakijakimbia, baba. Umekiyeyusha upya, kimejificha. Uchachu umepima?"

"Nimepima."

"Kwa matone au kwa vijiti?"

"Kwa ulimi."

"Kwa kitu gani?"

"Ulimi, dada. Ulimi huu umepima redieta za nusu ya magari ya mji huu. Naonja nakwambia kama kuna oili, kama kuna kutu, kama mwenye gari ni muongo."

Dada Klorini alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize. Maji yakiwa machachu yana njaa. Yanakula chochote yanachokuta. Mabomba ya pampu ni ya nini?"

"Plastiki."

"Afadhali. Ongeza magadi kidogo kidogo uyatulize. Jumatatu nakuja na dawa, nipime mwenyewe."

Aliulizia mabomba ya pampu, akajibiwa mabomba ya pampu. Kasha la bati nyuma ya ukuta hakuwahi kuliona, na Fundi hakulitaja. Kwake ule mtambo haukuwa bomba. Ulikuwa kazi ya mikono yake, na kazi ya mikono yake haikuwa kitu cha kuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoliwa.

Magadi nayo hakuweka. Alijaribu kopo moja, pembeni pakaanza kuonekana wingu la kahawia, akaacha. Alijua chai ikirudi mkewe hatoingia tena, na siku zilikuwa zinakatika. Jumapili akampigia dada wa watu: "Maji yako sawa, usijisumbue." Naye alikuwa na mabwawa tisa ya kuhudumia. Hakujisumbua.

Ndipo zikaja siku nzuri. Kila asubuhi saa tatu Fundi alimbeba mkewe kwenye ngazi, wakashuka pamoja, yeye na kaptula ya zamani, mke na gauni lake la kuogea, maji ya uvuguvugu mpaka kifuani. Akamshika kiuno.

"Tunacheza dansi?" aliuliza Msusi.

"Tunatembea."

"Miaka arobaini na moja nakuomba unitoe dansi. Umengoja nipooze."

"Mguu wa kulia. Nyanyua. Haya."

Mguu ukanyanyuka. Siku ya kwanza kidogo, kama wa mtu anayesita kuingia nyumba ya mkwe. Siku ya tano ukapiga hatua. Siku ya ishirini na tatu alivuka upana wa bwawa bila kushikwa, hatua saba, akashika ukingo wa pili akapiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. Nje ya maji alifikia hatua tano, kisha sita, kisha nane. Fundi alizichora kwa chaki kwenye sakafu ya chumba, mistari kumi na mmoja, na kila jioni mkewe alifika mstari fulani akarudishwa kitandani.

Kulikuwa na jingine. Kwa kuwa mkono mmoja hausuki, Msusi alimpa mumewe kichwa. Hilo lilikuwa kubwa kuliko hatua. Alimfundisha kugawa, kukaza, kupindisha, na Fundi akakaa nyuma yake chumbani, pazia limeshushwa kukwepa jua, vidole vya kulehemu vikihangaika.

"Umenisuka njia za panya," mkewe alisema, akipapasa kwa mkono mzima.

"Panya naye anafika anakokwenda."

"Ningekuwa na mwanafunzi kama wewe ningemfukuza siku ya kwanza." Lakini hakufumua.

Alilalamika mara mbili tatu kwamba maji yanawasha macho. Fundi akasema ni klorini, ndivyo ilivyo. Na maji yalizidi kupendeza. Kutoka weupe yaliingia bluu laini, bluu ya mabwawa ya kwenye kalenda. Jirani alisifia juu ya ukuta. Kila asubuhi Fundi alichovya kidole akaonja, akakuta ladha ile ile anayoijua, akaridhika.

Binti alipotuma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi, wiki mbili kabla ya siku yake, Fundi hakuogopa. Ijumaa akamwaga klorini ya kutosha ili maji yang'ae. Jumamosi binti alimkuta mama yake ndani ya bwawa anavuka peke yake, akaweka mkono mdomoni, akalia. Mambo yote yangeishia hapo, Fundi angekuwa mtu mwenye bahati.

Wakamtoa, wakamkalisha kwenye kiti juani. Binti akafumua zile njia za panya amkaushe. Mkono wake ukasimama.

"Mama, umepaka nini kichwani?"

"Mimi? Tangu lini?"

Fundi akasogea. Chumbani, chini ya pazia, siku mbili tatu aliona kama kivuli kwenye nywele, akalaumu macho yake ya uzee. Juani hakikuwa kivuli. Nywele zilikuwa za kijani. Kijani cha ukoga wa mfereji, kutoka shinani mpaka nchani, zimekakamaa. Kucha nazo zilikuwa na rangi ya bluu iliyochakaa.

"Nipe kioo," alisema Msusi.

"Mama, subiri kwanza tu..."

"Nimewashikia watu kioo miaka arobaini. Nishikie na mimi."

Binti akamshikia. Msusi akajitazama kwa utulivu wa kazi, kushoto, kulia, akainamisha kichwa aone utosi. Hakulia. Akarudisha kioo.

"Nifunge taulo."

"Zitaoshwa," alisema Fundi. "Kuna dawa. Nitamuuliza yule dada. Msusi, ni rangi tu."

"Umenisuka jana?"

"Nimekusuka."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Hukuona."

Fundi akaangalia vidole vyake.

"Kichwa hiki hakijashikwa na mtu," alisema mkewe, polepole, kama anamweleza mteja. "Mama yangu alikuwa wa mwisho. Nikakupa wewe. Kama mikononi mwako kimeoza hujaona, basi na mengine huyaoni. Mwanangu, funga mizigo."

"Hatua nane!" Fundi alisema. "Zimebaki tatu! Wiki mbili bado!"

"Zikae hapo hapo sakafuni."

Ndivyo gari lilivyofika kwenye geti.

Dada Klorini alikuja siku hiyo hiyo, kwa kuwa Fundi alimpigia akiongea maneno yasiyounganika. Alichota maji kwenye kichupa, akadondosha matone ya uchachu, akakunja uso. Akadondosha ya chupa nyingine. Kichupa kikageuka rangi mara moja.

"Shaba," alisema. "Sijawahi kuona nyingi hivi. Maji yameila mahali, klorini ya jana ikaipandisha kichwani. Baba, una nini cha shaba hapa?"

Fundi akamwacha pale. Alizunguka nyuma ya ukuta, akafungua kasha la bati. Mirija ilikuwa inang'aa kwa ndani, safi, imeliwa mpaka imekuwa kama karatasi. Aliubana mmoja kwa vidole viwili, ukabonyea. Viungo alivyolehemu tu ndivyo vilivyobaki imara.

"Lakini uliniambia ulikuwa unaonja," alisema Dada Klorini nyuma yake.

"Kila asubuhi."

"Shaba haifichiki mdomoni. Ni kama umenyonya sarafu. Hukusikia?"

Fundi akafikiri. Miaka arobaini na minane alikuwa anapuliza redieta kwa mdomo kutafuta zinapovuja, midomo kwenye shaba, kutwa nzima. Akamwomba maji ya kunywa. Dada akampa chupa yake, maji ya dukani. Akanywa, akayazungusha mdomoni.

"Hii unayosema," aliuliza, "kama sarafu. Si ndiyo ladha ya maji?"

Dada Klorini akafunga kichupa chake.

Wiki mbili zikawa tano. Aling'oa mtambo. Yeye na Dada Klorini walimwaga nusu ya bwawa wakajaza ya bomba, ndoo kwa ndoo siku ambazo bomba liliamua kutoa. Wakaweka dawa ya kushika chuma na shaba, magadi kijiko kwa kijiko, wakaosha chujio asubuhi na jioni. Madoa yaliyorudi kutani Fundi aliyasugua kwa vidonge vichachu vya vitamini C alivyofunga kwenye soksi, amepiga magoti kwenye ngazi. Matone alijifunza kuyasoma. Ulimi hakuutumia tena.

Kila siku alipiga simu, binti akapokea, akasema mama amelala. Siku ya thelathini na sita ilipokelewa na mwenyewe.

"Maji yakoje?" aliuliza Msusi.

"Sawa kabisa. Uchachu saba nukta nne. Chuma hakuna, shaba hakuna. Hayana rangi yoyote."

"Vizuri."

"Nije kesho? Nije na gari la jirani."

Akasikia lifti au mlango, kitu cha chuma kikijifunga mbali.

"Nimenyoa, Redieta."

"Zitaota."

"Nina miaka sitini na tisa."

"Na mguu?"

"Mguu upo. Umekaa kwenye kiti, unatazama mapaa." Kisha, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumuaga mteja wa mwisho: "Usiyaache maji wazi, yataingia majani."

Hakupiga hatua nyingine. Kiharusi cha pili kilimchukua mwezi wa nane wa kukaa kule, mchana, kwenye kiti, dirishani. Nywele zilikuwa zimefikia urefu wa kidole, nyeupe. Binti yao alihamia ghorofa ya chini ya jengo lile lile na bado anapima ardhi. Dada Klorini aliongeza mabwawa matatu, na swali lake la kwanza kwa kila mwenye nyumba ni kama ana kitu cha shaba. Jirani alivuta maji ya bwawa kwa mpira akachanganyia saruji ya ukuta wake, kwa ruhusa, na mwaka uliofuata shimo lilijazwa kifusi. Mirija ya shaba ilichukuliwa na wakusanya vyuma. Fundi alikwenda mazikoni akarudi siku hiyo hiyo. Anaishi chumba kile kile. Mistari ya chaki ilifutika kwa kukanyagwa, mitatu ya mwisho kabla ya mingine, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango wa choo.